Mguu wa Nne wa Ng'ombe

Kila asubuhi Ludovika alimsaidia mama yake, Helena, kukamua. Kisha alinawa mikono, akavaa sweta lake la kijani, akaenda sekondari ya kata. Shule ilikuwa mpya, kama mkoa wetu wa Manyara ulivyokuwa bado mpya. Madarasa yalinukia saruji. Ludovika alikuwa kidato cha kwanza, na somo alilolipenda kuliko yote ni kuchora.

Mwalimu wa kuchora aliitwa Godlisten, kijana kutoka Kilimanjaro. Rangi hazikuwepo. Walichora kwa mkaa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, wakizikung'uta vizuri kwanza.

Siku moja aliwaambia wachore ng'ombe. Darasa zima lilimchora kwa ubavu, lakini akiwa na macho mawili na miguu minne iliyopangwa kama meno ya kitana. Mwalimu akasema wamechora wanachokijua, si wanachokiona. Wakachore tena nyumbani, wakimtazama ng'ombe mwenyewe.

Ludovika alikaa kando ya zizi. Alimchora ng'ombe jike mmoja wa baba yake, mwekundu, mwenye baka jeupe begani. Baba yake, Mzee Gidabuday, akaichukua karatasi, akahesabu miguu.

"Mguu mmoja uko wapi?"

"Umejificha, Baba."

"Ng'ombe wangu hana cha kuficha. Umemfanya kilema."

Katika boma lile, kumwita ng'ombe mzima kilema ni kumtakia mabaya. Mzee akasema kuchora basi. Siku za somo hilo Ludovika atarudi mapema kuchunga ndama. Binti hakubisha, ila usiku ule hakula. Kesho yake alimweleza mwalimu, macho yakiwa chini.

Jumamosi mwalimu alifika bomani. Alitoa shikamoo, akapewa kigoda na kikombe cha maziwa, akayanywa yote. Kisha akamwomba mzee akae pale pale alipokaa binti, afumbe jicho moja, ataje idadi ya miguu ya ng'ombe yule.

"Minne," mzee alisema kabla hajatazama.

"Hiyo umehesabu kwa kichwa, Mzee. Hesabu kwa jicho."

Mzee akatazama. Akahesabu kwa kidole.

"Mitatu," alisema polepole.

Akainama kushoto, mguu wa nne ukatokea. Akarudi kulia, ukapotea. Akainama tena. Helena alicheka mpaka akakiweka chini kibuyu cha maziwa. Akamwambia binti yake amtazame baba yake, anacheza ngoma huku amekaa.

Mwalimu akaeleza taratibu. Anayechora hukaa mahali pamoja, hasogei. Huanza na umbo kubwa: mgongo, tumbo, shingo. Hunyoosha mkono na kijiti mbele ya jicho, akapima urefu wa kichwa unaingia mara ngapi kwenye mgongo. Pembe na masikio huja mwisho. Kilichozibwa na kingine hakichorwi.

Mzee akaichukua tena karatasi.

"Basi na ninyi mmekosea," alisema. "Sikio hili lina mkato wa alama yetu. Kutoka hapa unaonekana."

Mwalimu alitazama sana, akakubali kwamba hakuuona. Ludovika akauweka kwa ncha ya mkaa. Baba yake akasema Jumatatu arudi kwenye somo lake, ndama watachungwa na yeye mwenyewe.

Alhamisi iliyofuata mzee alimpeleka ng'ombe yule shuleni. Wanafunzi thelathini na wawili walimzunguka, kila mmoja na mahali pake. Picha zikabandikwa ukutani. Hakuna mbili zilizofanana, na zote zilikuwa za ng'ombe mmoja.

Mzee Gidabuday, ambaye hakusoma shule, alipita mbele ya picha moja moja, wenyewe wakimfuata.

"Wewe ulikaa mkiani," alisema. "Wewe ulikaa upande wa baka." Alipofika kwenye picha ya mwanafunzi aitwaye Bura, alisimama. "Wewe ulisogea. Mgongo umeuona kutoka huku, miguu kutoka kule."

Bura akakiri. Jua lilikuwa limemfikia, akahamia kivulini.