Kitufe cha Asteria

Siku ya mnada Katoro, steshenari aliyofanyia kazi Asteria ilijaa wateja hadi nje. Ngassa, fundi kompyuta, alifuata karatasi tu. Akamwona dada mwenye gauni la kitenge cha njano akichapa kwa kasi, lakini kidole kimoja kimenyooka tu, na kila akitaka kuhifadhi kazi anakunja uso.

“Dada, hicho kidole vipi?”

“Kilivunjika utotoni, hakikunjiki. Kontrol na S kwa pamoja vinanitesa. Umekuja kununua karatasi au vidole?”

“Leo karatasi. Vidole nitarudi.”

Akarudi kweli. Akahamishia amri ya kuhifadhi kwenye F4, kitufe cha juu, bonyezo moja tu. Siku nyingine akahamisha ya kuchapisha, kisha ya kunakili. Kikikorofisha kitufe, Asteria anapiga simu, na Ngassa anafika kabla simu haijapoa, shati limepigwa pasi. Mapenzi yakanoga, soko zima likajua.

Ndipo ofisi moja ya Geita ikamwita Asteria kwenye usaili wa ukatibu muhtasi, kazi aliyoililia tangu amalize chuo. Alichapa barua safi, akabonyeza F4 aihifadhi. Aya ya mwisho ikajiandika tena, maana kwenye kompyuta isiyopangwa F4 hurudia kitendo cha mwisho. Akabonyeza tena, ikaja ya tatu. Akapaniki, muda ukaisha, barua haijahifadhiwa.

Alipiga simu akiwa stendi ya Geita, analia.

“Ngassa, umenifunga kama ng’ombe! Kompyuta za watu siziwezi tena. Ulikusudia nisitoke Katoro!”

“Asteria, mama, nisikilize...”

Asteria akakata. Siku zilizofuata hakupokea simu yake hata moja.

Jumapili Ngassa akamfuata dukani.

“Sikutaka ufeli. Lakini nilipenda ukiniita, ndiyo maana sikukufundisha kupanga mwenyewe. Hapo nilikosea. Nisamehe.”

Asteria alimtazama. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa bado anampenda, ndicho kilichomuudhi zaidi.

“Tuliofeli ni wengi, jaribio linarudiwa Alhamisi. Futa vyote ulivyoweka, halafu nielekeze kwa mdomo. Mkono wako usiguse hapa.”

Ngassa akafuta. Asteria akafungua mipangilio ya vitufe, akachagua amri ya kuhifadhi, akabonyeza F4, akathibitisha. Akarudia mpaka akaweza bila kuelekezwa.

Alhamisi, kabla ya kuanza, alimwendea msimamizi.

“Shikamoo mama. Kidole changu kina shida, naomba nipange kitufe kimoja.”

“Marahaba. Panga, mwanangu.”

Jioni simu ya Ngassa ikaita.

“Nimepata! Nahamia Geita mwezi ujao.”

Ngassa alifurahi kwa moyo wote, na moyo huohuo ukamuuma.

“Hongera, mpenzi. Sasa hunihitaji tena.”

“Kwa vitufe, kweli, sikuhitaji.” Asteria akacheka. “Ila nimeshamwambia baba habari zetu, kule nyumbani Didia. Jumapili atakuwepo. Usije peke yako, njoo na wazee.”