Mkataba Uliomkatia Elieth Sauti ya Mama

Ndugu zangu wa Maryland na Virginia, sogeeni kidogo. Haya yamempata mtu wetu.

Elieth, mzaliwa wa Tarime, alihudumia wazee majumbani mwao. Kila Jumapili baada ya ibada alisonga ugali wake, akakaa kitandani, akampigia mama. Mama, kule Tarime, alikuwa na kitochi tu, simu ndogo ya vitufe, lakini kicheko chake kilijaza chumba. Hapa Marekani Elieth hakuwa na ndugu.

Kodi ilipopanda, akahamia chumba cha chini ya ardhi kule Adelphi, Maryland. Humo simu haikushika mtandao kabisa. Akarudi dukani alikosaini mkataba wa simu.

"Ninapoishi simu haishiki. Naomba kuuvunja."

"Ukivunja mapema utalipa faini," mhudumu alimjibu bila kumtazama. "Si ulisaini?"

Elieth hakuuliza hayo yameandikwa wapi. Aliogopa deni, akaogopa zaidi kwamba deni litamharibia maombi yake ya ukaazi. Hakumwambia mtu. Ikawa anampigia mama kwenye kituo cha basi cha barabara ya University Boulevard, harakaharaka, upepo ukimkata masikio. Baridi ilipozidi, simu zenyewe zikawa za nadra. Akitoka kazini alishuka chumbani, akafunga mlango, basi. Je, wewe humjui mtu wa namna hii kanisani au msikitini kwako?

Asubuhi moja, alipofika kituoni tu, simu ikaanza kutetemeka mfululizo. Kaka yake Ezekiel, aliyekuwa na mama nyumbani, alikuwa amemwachia ujumbe wa sauti tangu jana yake.

"Eli, mama amezidiwa. Anaomba kukusikia."

Halafu: "Mbona hupatikani? Nimemwekea simu sikioni, anakungoja."

Katika ujumbe wa mwisho Ezekiel alikuwa analia tu. Elieth akakaa kwenye benchi. Basi lake likaja, likaondoka.

Waumini wenzake walipokwenda kumpa pole, Serah, nesi Mkenya, akauliza kwa nini simu haikuingia. Elieth akaeleza yote.

"Woi, Elieth! Si ungetuambia?" Serah alishika kichwa. "Unalipia kitu hupati, na unanyamaza?"

Wakausoma mkataba pamoja, wakaandika malalamiko kwa kampuni na kwa ofisi ya jimbo inayotetea wateja. Baada ya majuma kadhaa kampuni ikamwachilia bila faini. Akachukua laini nyingine, inayoshika hadi chumbani.

Simu ya kwanza akampigia Ezekiel. Akakaa kitandani. Kisha akasema, "Kaka, nisimulie alivyoondoka."

Funzo

Kabla ya kusaini, uliza faini ya kuvunja mkataba inatozwa lini na kwa sababu gani. Simu isiposhika unapoishi, lalamika mapema, kwa maandishi, na ukikataliwa nenda ofisi ya jimbo. Huenda usishinde kila mara, lakini neno la muuza simu si hukumu. Mficha uchi hazai: mwambie mwenzako. Nasi tuliobaki, mtu akiadimika, twende tukamgongee mlango.