Muziki wa Chumba cha Baridi

Jua lilikuwa linazama Barafu alipofunga mkoba wake wa spana na kumchungulia mkewe dirishani.

Barafu si jina alilopewa na wazazi. Ni la mtaani, kwa sababu kazi yake ilikuwa kutengeneza mafriji. Mkewe alikuwa mshonaji, na chumba chake cha cherehani kilipakana na karakana ya mumewe, ukuta mmoja tu katikati. Ukuta huo ndio uliobeba ugomvi wote wa ndoa yao. Maana Barafu alikuwa na ugonjwa wake: alipenda muziki ambao watu wenye akili timamu huuita makelele. Alikuwa na kanda za milango inayolia, za mtu anayesugua sahani kwa msumari mpaka upande wa kanda uishe, za kwaya iliyorekodiwa halafu ikachezwa kinyumenyume. Wageni wakija huwawekea kidogo, na ghafla wageni hukumbuka kwamba wameacha jiko linawaka.

"Unakwenda wapi saa hizi, baba?" mkewe aliuliza, pini mdomoni.

"Kuna mama ameniita kwenye bucha la zamani, mwisho wa barabara. Anasema chumba chake cha baridi kinaunguruma."

"Kinaunguruma, kwa hiyo unakwenda kukitengeneza au kukisikiliza?"

"Kazi ni kazi, mama."

"Haya. Ukikuta friji inaimba, usiniletee hapa. Mke mwenza simtaki."

Barafu alicheka njia nzima.

Bucha lenyewe lilikuwa limefungwa miaka mingi. Vigae vya ukutani vimepasuka, meza ya kukatia nyama imebaki na makovu yake. Yule mama alikuwa amesimama mlangoni, koti refu limemfunika mpaka miguuni. Hakusalimia. Aliashiria kwa kichwa tu, akatangulia ndani.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa mnene kama godoro. Ndani kulikuwa na kandili moja, kiti kimoja, na kulabu za nyama zikining'inia juu. Harufu ilikuwa ya chuma chenye unyevu... na kitu kingine kilichochacha, kama nguo zilizokaukia mwilini mwa mtu.

Barafu alimulika feni. Zimesimama. Akafuata waya wa umeme kwa kidole mpaka ukaisha mkononi mwake. Umekatwa, tena zamani, ncha imeota kutu.

"Mama, mashine hii haina umeme. Haiwezi kuunguruma."

"Najua," yule mama alinong'ona. "Nimesikia unapenda muziki usio na wimbo. Kaa."

Mtu mwingine angekimbia hapo hapo, hata spana akaziacha. Barafu alikaa. Maisha yake yote yeye ndiye aliyebembeleza watu wakae wasikilize. Leo kabembelezwa yeye, atakataaje?

Yule mama akatoa upinde kama wa kupigia fidla chini ya koti. Waya mwingine, mwembamba, ulikuwa umekazwa kutoka kulabu moja hadi nyingine. Akapitisha upinde juu yake.

Mmmmm...

Sauti haikupitia masikioni. Ilianzia magotini, ikapanda uti wa mgongo, ikakaa kwenye meno. Barafu alifumba macho kwa raha. Halafu, ukutani nyuma yake, kitu kikajibu.

Ko. Ko-ko... krrrr.

"Hapo!" alisema, hakuweza kujizuia. "Hapo pa ukutani! Tena!"

Ukuta ukagonga tena, kwa nguvu zaidi, haraka haraka, kama mtu aliyejua sasa kwamba amesikika. Barafu akatikisa mguu. Mkono gani huo! Hakuna pigo linalofanana na jingine! Akainama asikie vizuri, na hapo, nyuma ya mapigo, akasikia mtu anavuta pumzi.

Mguu wake ukasimama.

"Nani anapiga huko ukutani?"

Upinde haukutulia.

"Aliyekuwa kwenye kiti hicho kabla yako."

Barafu alicheka, kile kicheko cha mtu anayetafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

Aliruka mpaka mlangoni, akaukuta umejifunga. Vyumba vya baridi vina kitufe cha kusukuma kwa ndani, ili mtu asije akafungiwa. Yeye mwenyewe amekwisha kuweka vitufe hivyo vingi. Alikisukuma kwa kiganja. Akakisukuma kwa bega.

Hakikusogea.

"Nifungulie, mama yangu. Mke wangu ananingoja."

"Sijafunga. Asiyeupenda muziki huu hutoka tu. Wengi hutoka kabla sijamaliza kukaza waya."

"Siupendi!"

Upinde ukashuka, polepole, mpaka kwenye sauti ya chini kabisa. Vinyweleo vya Barafu vikasimama, na si kwa hofu peke yake.

"Mwongo," yule mama alisema, kwa upole.

Basi Barafu akaanza kazi ya kuchukia. Aliwaza jino bovu. Aliwaza hotuba za shemeji yake. Aliziba masikio kwa matambara ya mkobani, na muziki ukaja kwa mbali, kama uko chini ya maji, ukawa mzuri zaidi. Akaimba kwa sauti wimbo wa harusi, ule wa kila harusi. Waya ukaidaka sauti yake, ukaipinda, ukamrudishia imegeuka kitu ambacho hajapata kukisikia. Machozi yakamtoka.

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Kwa sababu aliona amekaa. Hakukumbuka kurudi kwenye kiti. Na kiti kilikuwa kimeegemea ukuta.

Ukuta ulikuwa na joto.

Joto la mgongo wa mtu.

Ko, ukagonga, katikati ya mabega yake. Halafu ukabonyea, laini kama unga uliokandwa, ukaanza kumpokea...

"Baba!"

Mlango ulifunguka wazi, wepesi kama pazia. Mkewe alikuwa pale, futi ya kupimia shingoni, mkono kiunoni. "Chakula kimepoa, na wewe umekaa gizani unasikiliza makelele? Huna hata haya?"

Mwenye koti hakuwapo tena. Waya tu ulikuwa unatetemeka. Mkewe alimshika Barafu ukosi, akamng'oa kitini kama anayemtoa mlevi klabuni, naye akawa anaubusu ule mkono uliomkwida, analia na kucheka.

Kizingitini, mkewe alisimama.

Kichwa chake kikainama upande.

"Ngoja kwanza, baba," alinong'ona. "Hapo... hapo ni pazuri."

Barafu alimburuta mpaka barabarani.

Kesho yake alimwita mwenye jengo la bucha, wakabandua bati la ukuta ule. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na lile povu gumu la kuzuia joto, na katikati ya povu, uwazi wenye umbo la aliyekaa amekumbatia magoti. Mwenye jengo akasema ni panya. Panya gani hukaa hivyo, hakusema. Akarudishia bati, akaenda zake.

Barafu alichoma kanda zote. Nyumba ikajaa nyimbo za harusi kutoka asubuhi mpaka wakati wa kulala, na majirani wakamsifu kwamba amepona. Lakini ng'ambo ya ukuta, mara kwa mara, alisikia cherehani ikienda bila nguo. Inakwenda, inasita, inaparaza.

"Twende tukasikilize kidogo tu," mkewe humwambia. "Si wewe ndiye uliyenibembeleza miaka yote?"

"Nilikuwa mjinga, mama."

"Hapana. Mimi ndiye niliyekuwa kiziwi."

Jioni moja Barafu alirudi akakuta chumba cha cherehani kitupu, taa inawaka, gauni la mteja limeachwa chini ya sindano. Alikimbia na ndala moja.

Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa umefungwa. Alishika komeo la nje kwa mikono miwili, akavuta. Akavuta tena.

"Mama! Umo humo?"

Kutoka ndani, pete ya ndoa ikagonga bati.

Ko. Ko-ko... krrrr.

Alijua la kufanya. Auchukie tu muziki huo, kama mkewe alivyouchukia usiku ule, mlango ufunguke. Ni hilo tu. Alifumba macho, akakusanya kila kitu kibaya alichopata kukisikia duniani, akauma meno, akavuta. Ndani, mkewe akagonga haraka zaidi, akisihi, pigo juu ya pigo, kila moja likija mahali ambapo Barafu hakulitarajia.

Machozi yalimtiririka mpaka shingoni. Komeo halikusogea.

Mkewe alikuwa anapiga vizuri mno.