Mikono Nyuma ya Mgongo

Kila asubuhi akimpeleka Agata shule, babu yake Evaristo lazima asimame penye mtaro wa mabomba, mikono nyuma ya mgongo, awakosoe mafundi. Mji huu wa Bologna, Italia, umejaa wazee wa namna hiyo, na jina lao ni umarell.

"Maana yake nini hasa, Babu?"

"Kijitu. Ni lahaja yetu ya hapa. Kijitu kilichostaafu, kazi yake kutazama kazi za wenzake." Mzee akacheka, kisha akakunja uso. "Ona, mbao za kuzuia udongo wameziondoa. Ukiona ufa ukingoni, ujue ukuta wa mtaro unashuka."

Darasani Tiberio, mwanafunzi mwenzake, alimwigiza mzee, mgongo kaupinda. "Mjukuu wa umarell, leo mmesimamia shimo gani?"

Agata alitamani ardhi immeze. Jioni alimwomba babu asimsindikize tena.

"Haya, mjukuu wangu," mzee alisema, akatundika kofia yake.

Kesho yake Agata alipita peke yake. Fundi Costel alikuwa ndani ya mtaro uliompita kimo, ameinamia bomba. Ukingoni palikuwa na ufa ambao jana haukuwapo. Vijiwe vikaanza kudondoka, kimoja kimoja.

Ng'ambo ya barabara Tiberio alikuwa akimtazama Agata. Je, akikosea? Atachekwa mpaka amalize shule. Alifungua mdomo, sauti ikagoma. Ufa ukapanuka, sasa kiganja kingeingia.

"Mjomba Costel, toka! Udongo unashuka!"

Costel alitupa koleo, akaparamia ngazi. Alipokanyaga lami tu, ukuta uliporomoka nyuma yake, ukafukia koleo, ngazi na bomba. Akakaa chini barabarani.

Babu alisikia kishindo, akaja na ndara zake za nyumbani. Agata alimkumbatia akilia.

"Nilinyamaza kwanza, Babu. Niliogopa kuchekwa. Ningechelewa kidogo tu..."

"Mimi wananicheka mwaka wa tisa huu," babu alisema. "Kicheko hakijamziba mtu pumzi, mwanangu. Udongo unaziba. Ukiona hatari sema hapo hapo, hata kama sauti inatetemeka. Ukikosea, watu watacheka, waende zao. Ukinyamaza, kuna mtu hatarudi kwake."

Asubuhi iliyofuata mbao zilikuwa zimerudishwa. Agata alisimama kando ya babu yake, akazikagua moja moja, mikono nyuma ya mgongo. Tiberio alipita, akasita, kisha akaja kusimama nao.