Na, Siyo Au

Prado nyeupe ilikata kona mbele ya ghala la mbolea. Sindano alikuwa mita arobaini nyuma yake, Yamaha ikinguruma, vumbi limemjaa mpaka kwenye meno.

Kifaa cha sikioni kilikwaruza.

"Sindano, muache aende." Ilikuwa sauti ya Mkuu.

"Nimeshamkaribia."

"Hana kitu tena. Mzigo ameuacha kiwanda cha uchapaji."

"Mzigo gani?"

"Neno moja. Sheria mpya ya misitu inachapwa leo saa sita mchana. Kifungu cha kumi na nne. Hakuna kukata mti kwenye chanzo cha maji bila kibali cha mkurugenzi na cha kamati ya kijiji. Wametoa 'na', wameweka 'au'."

Sindano aligeuza pikipiki.

Hakuhitaji somo. Kibali cha mkurugenzi, yule mgeni wa Prado, mfanyabiashara wa mbao, alikuwa nacho tangu mwezi uliopita. Cha kamati asingekipata hata angezaliwa mara mbili. Kwa 'au', karatasi moja ingemtosha, na misumeno yake ilishapakiwa kwenye malori. Sheria ikishachapwa, maji yamemwagika. Kuirekebisha ni mwaka mzima, na chemchemi ingekauka kabla.

"Nani kaupokea?"

Mkuu alikohoa. "Msahihishaji mkuu."

Msahihishaji mkuu alikuwa mjomba wa Sindano, ndiye aliyemlea.

Alitafuta uchungu moyoni, hakuupata. Palikuwa na ganzi tu, kama mguu uliokaliwa.

Saa ya Casio mkononi ilisema saa tano na dakika arobaini na nane.

Ukumbi wa mitambo ulinuka wino. Fundi alishafunga bamba la kuchapia, kidole chake kiko juu ya kitufe cha kijani.

"Usibonyeze," Sindano alisema, akimwonyesha bastola ya Beretta kidogo, kwa adabu tu.

"Mimi? Mimi hata sijaamka vizuri," fundi alisema, akarudi nyuma.

Mzee alikuwa kwenye meza yake ileile pembeni, amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Na bunduki?"

"Na bunduki."

Aliketi, akafungua nakala ya sheria iliyosainiwa, iliyokuwa mezani. Ile ya kuchapwa akamsogezea mzee. Ndivyo wasahihishaji wanavyofanya kazi, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole. Ndivyo mzee alivyomfundisha kusoma, kwenye meza ya chakula, akimgonga rula kila aliporuka neno.

"Soma kumi na nne. Nakufuata."

Mzee alisoma bila kutetemeka. "...bila kibali cha mkurugenzi na cha kamati ya kijiji."

"Karatasi yako inasema hivyo?"

Karatasi ilisema 'au'. Yeye alikuwa amesoma neno la nakala iliyosainiwa, kwa mazoea ya miaka thelathini ya kusoma kilicho sahihi.

"Macho yanakwisha, mwanangu," alisema hatimaye. "Waliniahidi upasuaji nje. Nikaona ni neno moja tu, nani atalitazama."

"Ulinigonga rula kwa neno moja."

"Nilikugonga." Alivua miwani zote mbili. "Sasa hata wewe sikuoni vizuri."

Sindano alitaka kulia. Machozi hayakuja.

"Fundi, ng'oa bamba. Tengeneza jipya kutoka hii iliyosainiwa."

Bamba lenye 'au' lilitoka mtamboni saa sita kasoro dakika moja.

Nje, kifaa kilikwaruza tena.

"Prado imenaswa kwenye kizuizi," Mkuu alisema. "Askari wako njiani kuja hapo. Lakini sikiliza, ripoti inatosha na mtu mmoja. Damu ni damu, naelewa. Niandike mgeni, au mzee?"

Sindano alitazama dirishani. Mjomba alikuwa anapapasa meza, anatafuta penseli iliyokuwa mbele yake. Hapo ganzi ikaachia kidogo, ikauma.

"Mgeni na mzee," alisema.

"Una uhakika?"

"Andika 'na', Mkuu."

Alivaa helmeti, akawasha Yamaha, akaondoka taratibu kupitia geti la mbele.