Nenosiri Mlangoni

Kila asubuhi Tamia alisimama mlangoni mwa kiwanda kidogo cha jibini cha kijiji cha Yanarumi, simu mkononi, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya milimani. Punda walifika na madebe ya maziwa, naye akaandika: maziwa ya nani, lita ngapi, yameingia sufuria gani. Programu ya kuandikia aliiunda mwenyewe, na umri wake miaka kumi na mitatu tu. Lugha ya kompyuta hakuijua hata neno. Alivuta visanduku kwenye tovuti ya kampuni moja, akavipanga, basi, kazi ikaenda. Kijiji kizima kikamwita Injinia, naye kichwa kikavimba.

Jumamosi ile simu iligoma. "Akaunti imefungwa," iliandika. "Inatumiwa na watu wengi kuliko leseni inavyoruhusu."

Akaizima, akaiwasha. Yaleyale! Akaitikisa kama anayetikisa chupa ya dawa. Wapi.

"We Injinia, maziwa yatachacha hapa!" alifoka Mzee Segundo kutoka kwenye foleni. "Au na simu nayo inataka kukamuliwa?"

Watu wakacheka. Tamia hakucheka, alitamani kulia. Mchana lori la mnunuzi kutoka jiji la Quito lingefika, na mnunuzi yule hachukui jibini bila karatasi inayoonyesha maziwa yametoka kwa nani. Taarifa zote zilikuwa ndani ya programu. Lori likirudi tupu, mnunuzi angetafuta kijiji kingine, na jibini zilizojaa rafuni zingeozea pale.

Shangazi yake Rosaura, mwenyekiti wa chama cha ushirika cha kiwanda, akatoka ndani, aproni imelowa. "Kuna nini tena?"

"Kampuni imetudhulumu, shangazi! Programu nimeiunda mimi, halafu wananifungia nje!"

Shangazi akautazama mlango. Juu yake, kwa chaki, kwa herufi kubwa, Tamia alikuwa ameandika jina la akaunti na nenosiri. Pale Yanarumi vitu vya minga, ile kazi ya pamoja ya kijiji, havifichwi. Majembe, kamba, sufuria kubwa, vyote huwekwa mahali ambapo kila mkono unafika. Kuficha nenosiri kungeonekana uchoyo.

"Na hao watu hawakukuonya?"

Maonyo yalimjia Tamia, tena kwa maandishi mekundu. Kila yalipokuja aliyafunga haraka, mtu asione.

"Walionya," akasema. "Sikuelewa leseni ni nini. Nikaona aibu kuuliza, wakati wote mnaniita Injinia."

"Mtoto huyu jamani!" Shangazi akashusha pumzi. "Haya, wapigie. Wewe mwenyewe, sote tusikie."

Simu ikapiga muziki, ikapiga muziki, mpaka Tamia akauchukia muziki wote wa dunia. Hatimaye akapokea mama mmoja wa kampuni, sauti yake ikasikika kwa wote.

"Mlinunua leseni ya mtu mmoja, binti. Mnaingia wangapi?"

Mzee Segundo akainua vidole viwili, akikonyeza jicho. Tamia akavitazama vile vidole, akazitazama jibini rafuni. Uongo ulikuwa rahisi kweli.

"Karibu kijiji kizima," akasema.

Mzee Segundo akajipiga paji la uso.

"Ahsante kwa kusema kweli, maana huku tunaona," alisema yule mama. "Sikiliza. Ulichounda ni chako. Lakini umekiunda kwetu, kama mtu anayeuza viatu vyake kwenye kibanda cha kupanga. Viatu vyake, kibanda si chake. Na kwetu kila anayeingia hulipiwa kwa jina lake."

"Wote? Hatuwezi!"

"Wanaoandika ni wangapi?"

Tamia akafikiri. "Mimi, shangazi, na mpishi wa jibini."

"Wengine?"

"Wanaangalia tu lita zao."

"Basi hao wachapishie karatasi, ibandike ukutani. Wewe unayeunda baki na leseni kubwa. Hao wawili wanaojaza tu, leseni ndogo inawatosha, bei nafuu. Zikilipwa, nafungua."

Nafuu, lakini akiba ya chama ilikuwa moja tu: fedha za bendi ya tarumbeta ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana. Foleni nzima ikaguna. Mwaka mzima walikuwa wakiisubiri bendi ile! Shangazi akalipa bila kumtazama mtu, na Tamia akatamani ardhi immeze.

Lori lilipofika, karatasi zilikuwa tayari. Jibini zikapakiwa, dereva akaaga hadi mwezi ujao.

Ndipo shangazi akamletea Tamia ndoo ya maji na kitambaa. Tamia akaufuta mlango, machozi yakimtoka.

"Sufuria tulinunua, ni yetu sote," shangazi alisema taratibu. "Tovuti hii tumekodi, na kitu cha kukodi kina masharti yake. Kutoelewa masharti si kosa, mwanangu. Mimi pia sikuyaelewa, ndiyo maana nilikuachia. Kosa ni kuficha kwamba huelewi, wengine wakaja kulipa. Siku nyingine uliza mapema."

"Na bendi je?" Mzee Segundo alinung'unika.

Tamia akakamua kitambaa. "Nitawaambia wote mimi mwenyewe kwamba nilificha maonyo, babu. Leo, kwenye mkutano wa kijiji."

Akaenda kuwaambia.