Mgonjwa Aliyekataa Kunong'ona

Kila siku akitoka shule, Careen alivua sare, akakaa kwenye kigoda uani na kumenya mihogo ya jioni. Kwao ni Kasulu, nyumba iliyo chini kidogo ya chuo cha uuguzi alikosoma dada yake, Aneth. Wiki moja ya mwaka 2013 aliongezewa kazi nyingine. Mwalimu Melkiadi, mkufunzi aliyehamia kutoka Lindi siku chache tu zilizopita, alimchagua awe mgonjwa wa kuigiza katika mtihani wa vitendo. Alimpa kadi yenye maelezo ya ugonjwa aikariri, asimwonyeshe mtu. Mwalimu hakuuliza Careen ni ndugu wa nani, na Careen hakusema.

Sasa Aneth alikuwa ameshaanguka mtihani huo mara moja. Akianguka tena, chuo basi, afungashe virago.

"Mdogo wangu, nidokeze tu," Aneth alimbembeleza. "Mgonjwa wako anaumwa nini?"

"Sisemi, dada."

"Mimi niliyekubeba mgongoni?"

"Ulinibeba, asante. Lakini ukipata mgonjwa wa kweli, nani atakunong'oneza?"

Aneth akanuna. Mama yangu, kununa gani kule! Siku tatu hakumsemesha mdogo wake. Hata chumvi iliyokuwa mbele ya Careen, alimwomba mama aliyekaa mbali nayo. Careen aliumia sana, kwa maana alimpenda dada yake, lakini kichwa chake kilikuwa kigumu kama kopa la muhogo mkavu. Hakusema.

Siku ya mtihani alilala kitandani katika chumba cha mtihani chuoni, na Mama Asia, mpishi wa chuo, akakaa pembeni kama mama wa mgonjwa. Wanafunzi waliingia mmoja mmoja. Zamu ya Aneth ilipofika, mwenzake Brighton, aliyekuwa akisubiri mlangoni, aliinua mkono.

"Samahani, Mwalimu. Mgonjwa ni mdogo wake Aneth. Wanalala chumba kimoja."

Mwalimu Melkiadi alivua miwani. "Ni kweli?"

"Ni kweli," Aneth akajibu.

"Basi ameshakuambia kila kitu. Toka. Nitaandika umeanguka."

Careen akashuka kitandani peku. Huko kwao mtoto hamkazii mkubwa macho, lakini siku hiyo aliyakaza.

"Sikumwambia neno, Mwalimu. Mbadilishie kadi. Mpe ambayo hata mimi sijaiona."

"Unanifundisha kazi, mtoto?"

"Hapana, Mwalimu. Lakini ambaye hajaiba haogopi kupekuliwa. Tupekue."

Mwalimu akatoa kadi nyingine mkobani, akawasomea Careen na Mama Asia kwa sauti ya chini kule kwenye kona. Careen aliporudi kitandani, Mwalimu aliweka faili mezani, na bomba tupu la sindano.

"Mtoto ana homa kali," alimwambia Aneth. "Daktari ameandika achomwe sindano. Mchome."

Aneth alifungua faili. "Huyu ndiye Esteri Bazilio?"

"Eee, muganga," Mama Asia akajibu upesi kwa Kiha, kama anamjibu daktari.

Aneth akachukua bomba, kisha mkono ukasita. Yeye ni mtoto wa huko huko. Alijua kwamba mama wa kijijini akiulizwa na mtu wa koti jeupe, husema ndiyo kabla swali halijaisha, kwa heshima tu. Alichuchumaa mbele ya kitanda.

"Mwanangu, wewe unaitwa nani?"

"Apoline."

"Na baba yako?"

"Niyibizi."

Aneth akarudisha bomba mezani. "Sichomi."

"Daktari ameandika," Mwalimu akasema.

"Ameandikia Esteri. Huyu ni Apoline."

"Unakataa agizo mbele ya msimamizi? Kwa mara ya mwisho, choma."

Aneth alilifunga faili. "Nakataa, Mwalimu. Ukitaka, andika nimeanguka. Litafutwe kwanza faili la mtoto huyu."

Mwalimu Melkiadi aliandika polepole, akafunika kalamu. "Kule Lindi, kadi hii iliwaangusha wengi mwaka jana. Wewe umefaulu."

Kisha akamgeukia Careen. "Ungeniambia mapema kwamba ni dada yako. Hapo ulikosea, na mimi nilikosea kutouliza. Lakini kama ungemnong'oneza, leo usingethubutu kuniambia nibadilishe kadi. Mkweli ndiye anayeweza kudai apimwe tena. Na muuguzi asiyethubutu kusema sichomi, siku moja atamdhuru mtu, hata awe amefaulu karatasi zote."

Jioni Careen alikaa kwenye kigoda chake na beseni la mihogo. Aneth alikuja na kisu cha pili, akakaa karibu naye, akaanza kumenya.

"Kesho nina mtihani wa kuandika," alisema. "Usinisaidie."

"Wala sikuwa na mpango huo," Careen akajibu, akamsogezea beseni.